Sifa za Zoezi la Kiingereza

Wengine na wasifu kahawa ya Mbinga, wengine mbasa wa Mbamba Bay. Mimi nasifu zoezi la Kiingereza, lile la kutaja aina ya neno lililopigiwa mstari, ambalo limehamia kwangu hapa Mbuji na kila jioni hutangulia mezani kabla ya ugali.

Fadhila zake ndogo hazina haja ya maelezo: linauza wino mwekundu, linaendesha twisheni, na limetufunza sisi wazazi kutafuta miwani tusiyokuwa nayo.

Fadhila kuu ni ukimya. Binti yangu alipokuwa la saba alikuwa haambiliki kwa maneno. Ukimgusia ngoro, kilimo cha mashimo cha sisi Wamatengo, umekwisha: atakueleza nyasi zinavyofyekwa na kulazwa kwa mistari inayokatana mlimani, udongo unavyofukiwa juu yake, na shimo linavyobaki katikati kushika maji ya mvua yasiondoke na shamba. Hajamaliza, sasa anakwambia kwa nini maharage hutangulia mwezi Machi na mahindi hufuata. Kidato cha kwanza kikamponya. Alikutana na ‘round’, ambalo leo nomino, kesho kitenzi, keshokutwa kivumishi, na likijisikia huwa kielezi au kihusishi. Akakosa. Kisha, katika zoezi pacha la nyakati za vitenzi, akakutana na ‘go’ aliyemzaa ‘went’ asiyefanana naye hata kwa kucha. Akakosa. Kwa ‘cut’ akafuata kanuni aliyofundishwa Jumatatu, akaandika ‘cutted’. Akakosa kwa kutii.

Tangu hapo, amani. Mwalimu wa baiolojia akiuliza, kwa Kiingereza, mmomonyoko wa udongo unazuiwaje, darasa zima linatazama madawati. Watoto wa wakulima wa ngoro! Jibu wanalo tangu mgongoni mwa mama zao, na bado mtu anaandika kwenye ripoti kwamba hawajui. Hawajui nini, jamani?

Nisikasirike, ni sherehe ya sifa. Basi tuwasifu na walezi wa ukimya huu. Mwaka 1982 tume ya Jackson Makweta ilipendekeza sekondari zifundishe kwa Kiswahili kuanzia 1985. Serikali ikakataa, na wakubwa wanaendelea kutueleza umuhimu wa Kiingereza kwa Kiswahili fasaha, wenye uwezo wakiwa wameshawapeleka wanao mchepuo wa Kiingereza tangu chekechea.

Mmoja wao aje Mbuji. Asimame mteremkoni, awaeleze bibi zetu kwa Kiingereza kitupu kwa nini mashamba yao hayaporomoki. Maswali ataulizwa kwa Kimatengo.