Pembe Uani

Mchicha ukigoma kuota, mtu mwenye akili zake huongeza samadi. Mimi huenda kusoma. Ndivyo nilivyokutana na Rudolf Steiner, Mwaustria aliyewahutubia wakulima mwaka 1924 huko Koberwitz, wakati huo Ujerumani, leo Poland. Kwake yeye shamba ni kiumbe kizima chenye uhai wake. Nami nikajazia mwenyewe: kumbe miaka yote hii sijitambui kwa sababu nanunua mboga gengeni!

Dawa yake mashuhuri ni hii. Chukua pembe ya ng'ombe jike, ijaze kinyesi cha ng'ombe, ifukie ardhini majira yote ya baridi. Ukishaifukua, chota kidogo ukoroge kwenye maji saa nzima, upande mmoja mpaka yafanye kizingia, kisha ghafla upande wa pili. Halafu nyunyizia shamba.

Baridi ya Ulaya ni ya miezi. Hapa Tabata kipupwe ni sweta la asubuhi linalovuliwa saa tatu. Liwalo na liwe, nikasema, Juni ni Juni. Mwenye bucha alinipa pembe bure, ila aliuliza na kuuliza tena ni ya nini, na jibu langu la "kujitambua" halikumtuliza. Mke wangu akatoa sharti: isilale ndani.

Basi jua lilipopungua makali nikajifunga msuli, kifua wazi, nikainama kuchimba kando ya ukuta. Magharibi, pembe mkononi, kwenye mpaka wa viwanja. Huko Koberwitz huyo ni mkulima.

"Mwanangu," sauti ikatoka upande wa pili, "hiyo unafukia kwa ajili yako au kwa ajili yetu?"

"Shikamoo mama. Ni mbolea."

"Marahaba. Mbolea huja na gunia."

Kesho yake mjumbe alifika na wazee. Nikawaeleza yote: Mzungu, baridi, kukoroga, kizingia. Mzee mmoja akatikisa kichwa kwa huruma. "Kumbe umeifuata mbali hivyo!"

Tangu hapo mpira wa watoto ukiangukia uani kwangu haudaiwi. Ninayo akiba ya kutosha kufungua duka. Fundi aliyekula fedha yangu ya geti na kuzima simu alikuja mwenyewe alfajiri, akalimaliza, akakataa hata chai. Sikumsahihisha. Njia za kujitambua ni nyingi, na mojawapo ni kugundua kwamba unapenda kuogopwa.

Mchicha bado umegoma. Pembe bado iko chini.

Juzi usiku mama jirani alibisha hodi na bakuli la vitumbua, akaniomba nitoke nje kidogo, mke wangu asisikie. Ana mpangaji halipi kodi wala hahami.

"Mwanangu, kwa mtu sugu kama huyu," akanong'ona, "inaanza kukorogwa kulia au kushoto?"