Mkanda Haujui Saizi ya Suruali

Daktari alimwambia atembee. Mhasibu huyo wa Magomeni, mtu wa miaka arobaini na ushei mwenye kitambi cha heshima, akaona kutembea kwenye jua la Dar es Salaam ni adhabu, akajiandikisha jimu ya mtaa wa nyuma. Ni jimu ya kawaida ya uswahilini. Sahani nyingine ni za chuma, nyingine ni zege lililomiminwa kwenye makopo ya rangi, na stendi ilichomelewa na fundi mageti ambaye hakuweza kujizuia, akaitia maua juu. Miezi ikapita, mhasibu akawa anachuchumaa na kilo 80 mabegani bila kushikwa, na hapo ikampata homa inayowapata wabeba vyuma wote. Akataka mkanda.

Akaagiza kwa simu. Muuzaji aliuliza jambo moja tu: "Mkubwa, kiuno saizi gani?" Naye akajibu bila kufikiri: 34. Ndiyo saizi ya suruali zake tangu alipooa, na mkewe ni shahidi. Jioni bodaboda akauleta, ngozi nyeusi nene, upana wa kiganja. Akauzungusha kiunoni mbele ya wenzake. Ncha mbili zikabaki zinatazamana kwa mbali, katikati kitambi kikiwa kimeshika uenyekiti. Kijana mmoja akajitolea kuvuta upande wa kulia, mwingine wa kushoto, mhasibu akaamriwa atoe pumzi yote aliyonayo. Pumzi ilitoka. Ncha hazikukutana.

Msiba huu haukuanza naye. Suruali ya mwanamume mwenye tumbo haipiti tumboni, inapita chini yake, na ndiyo maana mtu anaweza kuvaa 34 maisha yake yote huku tumbo likiendelea na ujenzi wa ghorofa juu ya bendi. Mkanda wa kunyanyulia vyuma unakaa juu zaidi, usawa wa kitovu au jirani yake. Huko ndiko kunakopimwa. Mhasibu alipokwenda kwa fundi cherehani wa jirani na kuomba apimwe hapo, kwa aibu akavuta tumbo ndani. Fundi akaishusha futi yake. "Achia tumbo, kaka," akasema. "Hapa hatupigi picha ya pasipoti." Likaachiwa. Inchi 40 na nusu.

Muuzaji, ambaye alikubali kuubadilisha kwa kuongezewa nauli ya bodaboda, sasa akaja na maswali zaidi. Anataka wa aina gani? Upo mpana nyuma na mwembamba mbele, ambao kwa miaka mingi ndio uliojaa madukani. Unapendeza machoni, na wengi huununua kwa hoja kwamba kinachouma ni mgongo, basi ngozi nyingi iende mgongoni. Hoja hiyo imekaa kinyume. Tumbo ndilo linalousukuma mkanda, kwa hiyo anayepunguza upana wa mbele anapunguza pale penye kazi. Wachezaji wa pawalifti, yaani mchezo wa kuchuchumaa na chuma, kukisukuma kifuani na kukinyanyua kutoka sakafuni, huvaa mkanda wenye upana uleule mwanzo hadi mwisho. Kanuni za shirikisho lao la kimataifa, IPF, haziruhusu uzidi sentimita 10 kwa upana wala milimita 13 kwa unene. Wale wa mtindo wa Olimpiki wanaruhusiwa hadi sentimita 12 za upana.

Wa milimita 13 ni mgumu kwelikweli. Kwa mtu asiyeshindana, milimita 10 zinatosha na kubaki. Mtu mfupi wa kiwiliwili, ambaye mbavu zake na nyonga zinakaribia kusalimiana, atafute hata wa sentimita 7 na nusu, maana akichuchumaa na mkanda mpana, ukingo wa juu unamtafuna mbavu na wa chini unamtafuna nyonga. Kuna dada mmoja pale jimu aliyeazima mkanda wa baunsa na kutoka na alama mbili za bluu, moja kila upande. Akasema bora mgongo uume.

Ngozi mpya nayo ina ukaidi wake. Inalainika kwa kuviringishwa na kukunjuliwa mara nyingi, na kwa kuvaliwa. Kijana mwingine alisikia "ilainishe" akaelewa "ipikie": akaulaza mkanda wake usiku kucha kwenye mafuta ya nazi. Ukalainika hadi ukapoteza kazi yake, kila fulana anayoivaa ikapata mstari mweusi kiunoni, na kwa wiki kadhaa akinyanyua chuma jimu nzima inanukia wali.

Lakini tuseme saizi imepatikana, upana umepatikana, na hakuna aliyekaanga kitu. Hapa ndipo vituko vinapoanza hasa, kwa sababu watu wengi wanadhani mkanda unashika mgongo, kwamba ukishaufunga ile ngozi inabeba na wewe unasindikiza. Haubebi hata kilo moja. Kinachotokea ni hiki: mnyanyuaji anavuta pumzi kubwa iteremke tumboni, anafunga koo, anakaza misuli ya tumbo, na tumbo lote, mbele, ubavuni hadi nyuma, linausukuma mkanda. Mkanda unakataa kwenda. Shinikizo ndani ya tumbo linapanda, kiwiliwili kinakuwa kigumu, na uti wa mgongo unapata egemeo kutoka mbele. Vipimo vya maabara vilivyofanywa tangu miaka ya 1980 vimeonyesha shinikizo hilo likiongezeka kwa wanyanyuaji waliovaa mkanda. Asiyejua kuvuta pumzi namna hiyo amevaa pambo, tena la bei.

Mhasibu siku ya kwanza alivuta pumzi ikaishia kifuani. Mabega yakapanda hadi masikioni, mashavu yakavimba, mkanda ukabaki umelegea huku chini hausikii habari yoyote. Kocha, mzee mkimya ambaye siku zake za kushindana zimepita, akampigapiga mbavuni kwa vidole viwili. "Lete hapa, bwana. Hapa. Huko juu unajaza puto." Akamfundisha kwanza bila chuma, amelala chali sakafuni, kitabu cha wageni cha jimu kikiwa juu ya tumbo: kikipanda, pumzi imefika.

Kufunga koo na kusukuma pumzi ndani kwa ndani kuna jina la daktari, Antonio Valsalva, Mtaliano aliyezaliwa mwaka 1666. Huyo hakuwahi kuingia jimu. Alikuwa mtaalamu wa sikio, na katika kitabu chake cha 1704 alieleza namna ya kusukuma pumzi huku umebana pua na mdomo ili usaha utoke sikioni. Leo jina lake linatajwa na mabaunsa. Na kwa kweli kila mtu mzima anaijua mbinu hiyo, hata kama hajawahi kugusa chuma. Asubuhi ya siku ngumu msalani inamfundisha.

Mbinu hiyo ina bei yake, na hapa mzaha upumzike kidogo. Mwaka 1985 watafiti wa Kanada walichapisha matokeo ya kupima presha ya damu ndani ya mshipa wa mkono wa wanyanyuaji watano walipokuwa wakisukuma uzito mkubwa kwa miguu yote miwili. Wastani ulifika 320 kwa 250, na mmoja wao alivuka 480 kwa 350. Zahanati ya mtaani kwetu ikisoma 160 inakuzuia usiondoke. Kwa vijana wenye afya kilele hicho kinapita mara tu chuma kinaposhuka. Lakini mwenye presha ya kupanda, mwenye ngiri, au aliyefanyiwa upasuaji wa tumbo karibuni, amwone daktari kabla ya kumwona muuza mikanda. Eddie Hall wa Uingereza, aliyenyanyua kilo 500 kutoka sakafuni mjini Leeds mwaka 2016, alivaa mkanda, akafanikiwa, damu ikamtoka puani, akazirai.

Na kubana nako kuna kiasi. Bizimu ya pini ina matundu, na kishawishi cha tundu la mwisho ni kikubwa. Vijana wawili waliwahi kuubanisha mkanda wa mwenzao kwa kuupitisha ncha kwenye nguzo ya stendi yenye maua na kumwambia aegemee nyuma. Ukaingia tundu ambalo halikuwa lake. Akachuchumaa vizuri, akasimama vizuri, kisha haukufunguka. Akazunguka jimu amenyooka wima, anazungumza kwa sauti nyembamba, hadi alipopatikana mtu wa kumwegemeza tena kwenye nguzo ileile. Kipimo cha kocha ni rahisi: ukishusha pumzi, vidole viingie kati ya mkanda na tumbo, ukivuta, visipate nafasi. Ukiwa umebanwa kiasi cha kushindwa kuvuta pumzi, umelipa pesa ili uwe dhaifu zaidi.

Wapo wanaokwepa matundu kwa kununua wa nailoni unaonatana. Ni mwepesi na unamtosha anayeanza, ila uzito ukipanda, kile kinata huachia katikati ya shughuli kwa mlio wa kitambaa kinachochanika, na watu wote hugeuka kuangalia suruali ya nani imepasuka.

Wengine hununua wa klipu, ile ya chuma inayofungwa kwa kubonyezwa mara moja tu. Baunsa wa jimu ile anao, na anaupenda kuliko simu yake. Kasoro ni moja: klipu imefungwa kwa skrubu, na kuisogeza tundu moja kunataka bisibisi. Mwezi wa Ramadhani ulipofika katikati, mkanda ukawa unamcheza kiunoni, akausogeza ndani. Ikaja Idi. Mosi pilau, mosi biriani, pili kwa shemeji, tatu kwa mama mkwe ambaye sahani haondoi hadi iwe nyeupe. Aliporudi jimu klipu ilikataa kufika. Bisibisi ikatafutwa kila mahali. Yule aliyeiazima mara ya mwisho hajulikani hadi leo.

Kuna na wale ambao hawauvui. Wanaingia nao kutoka nyumbani, wanakimbia nao kwenye mashine, wanakunja mikono mbele ya kioo na kikilo kumi wakiwa wameufunga barabara, wanakunywa nao maji, wanapokea nao simu za bosi. Kocha huwaambia mkanda ni wa seti nzito chache za kuchuchumaa, kunyanyua kutoka sakafuni, au kusukuma juu ya kichwa, na baada ya kila seti ulegezwe mtu apumue. Hawamsikii. Wanadhani unalinda. Marekani walilijaribu wazo hilo kwa wafanyakazi wa maduka makubwa wanaobeba bidhaa mchana kutwa: utafiti uliochapishwa mwaka 2000 katika jarida la JAMA uliwahoji wafanyakazi 9,377 wa maduka 160, na haukuona kwamba kuvaa mkanda wa mgongo kazini kulipunguza maumivu wala madai ya fidia. Mikanda ile ni laini kuliko ya vyuma, na kazi yenyewe ni nyingine. Hata hivyo anayevaa mkanda siku nzima ili asiumie hana utafiti huo upande wake.

Mhasibu sasa anachuchumaa na kilo 110. Mkanda wake ni wa ngozi, sentimita 10, milimita 10, pini moja, na anaufunga tundu la tatu. Anayeanza leo afanye miezi yake ya kwanza bila mkanda, ajifunze pumzi, kisha anunue wa aina hiyo na asihangaike na mwingine. Anayeng'ang'ania klipu, basi anunue na bisibisi yake mwenyewe.