Namna ya Kubadilishwa Maisha na Likoni Kabla ya Jumatatu

Ndugu yangu wa Nairobi, nakuelewa. Wenzako wamekwenda Nepal na Bali, wamerudi wanaongea taratibu na kufumba macho wakinywa chai. Nawe unataka, lakini nauli huna. Usihangaike. Tangu 2017 treni ya SGR inawashusha abiria Miritini, Mombasa, na wikiendi moja yatosha kabisa. Fuata hatua hizi.

1. Jua utakachojifunza kabla ya kufika. Ukiwa bado Voi, andika kwenye simu: "Hawana kitu, lakini wana furaha." Kazi ngumu umeimaliza. Kilichobaki ni kutafuta picha za kuwekea maneno hayo.

2. Pita Changamwe umelala. Pale pana foleni ya malori ya makontena, matangi ya mafuta, na kiwanda cha kusafisha mafuta kilichoanza kazi 1963 na kusimama 2013. Ukifungua macho utagundua kuwa watu wa huku nao wana viwanda, tena wana viwanda vilivyofungwa. Amka ukifika Makupa.

3. Vuka feri kwenda Likoni saa nne asubuhi. Kwa miguu hulipi chochote. Ole wako ukivuka alfajiri! Utakutana na vibarua, wanafunzi na wachuuzi wanakimbilia kisiwani, na ile imani yako kwamba watu wa Pwani hawana haraka itakanyagwa palepale. Saa nne wenye kazi wameshakwenda. Barazani utamkuta mzee aliyestaafu na kijana aliyekosa kibarua. Hao ndio wanafalsafa wako. Wapige picha.

4. Yasifu maji. Ukimwona kijana anasukuma mkokoteni wa mitungi ya maji, andika: "Huku wameridhika na kidogo." Usiulize mtungi ni pesa ngapi, wala mfereji umekauka tangu lini. Swali moja tu la bei laweza kukuharibia safari nzima.

5. Tangaza kwamba wenyeji hawajali mali. Mtu akianza kukusimulia habari za shamba la Waitiki, ekari 930 hapohapo Likoni, na jinsi watu walivyoishi bila hati hadi serikali ilipoanza kuzigawa 2016, mkatize kwa upole. Mwambie: "Lakini mna bahari."

6. Kula cha wenyeji. Agiza mahamri na mbaazi. Mama akisema "Karibu mwanangu", hesabu kwamba umeingizwa kwenye ukoo. Usijali kwamba mteja aliyekutangulia aliambiwa hivyohivyo. Kisha mwombe akupunguzie bei. Si ulishaamua kwamba hajali pesa?

7. Fika Kisauni kidogo, ukadai umeizunguka Mombasa yote. Vuka daraja la Nyali, nunua dafu, ugeuze. Anayekuuliza habari za Mtopanga au Bakarani mjibu kwamba sehemu nyingine haziwezi kuelezeka kwa maneno.

8. Rudi umebadilika. Jumatatu ingia ofisini na kikoi. Mtu akilalamikia foleni ya magari, tabasamu kwa huruma na useme, "Tumejisahau sana huku." Akikuuliza mbona basi usihamie Likoni, mjibu haraka: watoto wana shule.

Nina onyo moja. Usikae wiki ya pili. Ukikaa, mwenye nyumba atakuja kudai kodi, mfereji utakauka ukiwa na sabuni mwilini, na alfajiri utajikuta unasukumana kuwahi feri, huku mtalii wa saa nne akiwa bado kitandani, anaota utulivu wako. Hapo ndipo mtazamo wako wa maisha utabadilika kweli, na hutapata hata dakika ya kumwambia mtu.