Mheshimiwa na Sigara Yake

Wanaomlaumu mheshimiwa avutaye sigara uwanjani hawaijui gofu. Klabu nyingi hukataza fulana isiyo na ukosi, na nyayo za kwenye bunka lazima zisawazishwe kwa reki. Kipisi alichokifukia humo ni suala jingine, mchanga haujalalamika. Shimo lenyewe lina upana wa milimita 108, kisahani cha majivu cha kifalme! Tena ana adabu: akitaka kuusukuma mpira shimoni, huilaza sigara kwenye nyasi zilizonyolewa kama kichwa cha kuruti, ipumzike. Kijana anayembebea mfuko wa fimbo hupata moshi wa bure, bila hata kulipia uanachama. Ila kukohoa, jamani, asithubutu: mheshimiwa analenga.