Kibali cha Kutegesha Kofia

Jijini Paris, hata mpiga gitaa kwa sarafu za wapita njia hufanyiwa usaili. Tangu 1997, RATP, shirika linaloendesha treni za metro, huketisha majaji wakasikiliza, kisha wanamuziki wapatao 300 hupewa kibali cha kutumbuiza kwenye vijia vya chini ya ardhi. Vijia tu, jamani. Ndani ya behewa ni marufuku, na huko ndiko kodiani isiyo na kibali humbana abiria kona, kikombe kikimfikia puani kabla mlango haujafunguka.

London nayo, tangu 2003, imechora nusu duara sakafuni mwa vituo vya treni zake za chini ya ardhi: sanaa ikae humo, kwa zamu.

Januari 2007, Joshua Bell, bingwa wa fidla, alijibanza kama mpigaji wa njiani mlangoni mwa kituo cha treni Washington na fidla ya Stradivarius ya 1713, kofia kichwani. Katika dakika 43 alizopiga walipita watu zaidi ya elfu. Kasha la fidla likaambulia dola 32 na senti, ukiacha noti ya 20 ya mama mmoja aliyemtambua. Majaji wa Paris pengine wangemwambia ajaribu tena msimu ujao.