Namna ya Kuandaa Kambi ya Watoto Bila Kusumbuliwa na Watoto

Hongera kwa kuchaguliwa kwenye kamati ya kambi ya Shule ya Jumapili. Huenda hukuiomba nafasi hiyo: ulinyoosha mkono kuuliza habari za choo cha kanisa, mzee wa kanisa akaandika jina lako. Usihofu. Kazi ni nyepesi ukishika kanuni moja, kwamba kambi ni ya watoto lakini wasiachiwe waiharibu.

Anza na kaulimbiu. Maji, mchele na magodoro vitajipanga vyenyewe, ila bila kaulimbiu fulana hazichapishiki. Kaulimbiu bora ni ile ambayo mtoto wa darasa la tatu hawezi kuimaliza kwa pumzi moja. "Mtoto wa Leo Mwenye Imani Thabiti, Nguzo Imara ya Kanisa, Familia na Taifa la Kesho" inafaa kwa kuanzia. Tenga vikao vitatu, vyenye soda na sambusa, kujadili kama "thabiti" na "imara" hazigongani.

Kisha mahali. Wenzetu wa Marekani hupeleka watoto kambini wakati wa kiangazi, wakaogelee ziwani. Sisi likizo ya Juni inatukuta kwenye kipupwe, kwa hiyo chagua Lushoto, juu kwenye milima ya Usambara, zaidi ya meta 1,300 kutoka usawa wa bahari. Wajerumani waliupenda ubaridi wa huko hata wakapaita Wilhelmstal. Mtoto wa Mbagala, ambaye baridi anaijua akifungua friji, naye ataupenda. Orodha ya vifaa usiiandike upya. Nakili ile ya kambi ya Bagamoyo: shuka moja jepesi, kandambili, nguo ya kuogelea. Usiku wa kwanza watoto watabanana watatu watatu kwenye kitanda kimoja cha deka, nawe kwenye ripoti utaandika kwamba upendo wa kindugu ulidhihirika.

Safari ni fupi ukishafika Mombo. Zimebaki kilometa 30 na ushee za kona, Coaster imejaza, kila mtoto ameshiba chapati na mayai ya kuchemsha. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu Juni 2019, kwa hiyo beba ndoo yenye mfuniko. Mpe aishike mwalimu aliyejiunga na kamati mwaka huu.

Sasa tufike kwenye moyo wa kambi, yaani mgeni rasmi. Ratiba iseme saa tatu asubuhi. Watoto wapangwe kwa urefu kuanzia saa mbili, fulana zimechomekwa, hata kama kila mwanakamati anajua mheshimiwa hajatoka Tanga. Turubai ni la meza kuu. Muda wa kusubiri ujazwe na nyimbo za vitendo: ruka, zunguka, piga makofi, kaa, simama. Hadi saa saba watakuwa wamemsifu Mungu mpaka miguu imelegea, na hiyo ndiyo hali inayotakiwa kwa kusikiliza risala ya kurasa nne. Risala isomwe na mtoto lakini iandikwe na katibu, ili binti wa miaka tisa asimame mbele ya kipaza sauti na kusema, "Ndugu mgeni rasmi, changamoto zinazotukabili ni pamoja na uhaba wa vyanzo vya mapato." Mgeni atatoa leso. Ahadi atakayoitoa iandikwe hapo hapo, kabla dereva hajawasha gari.

Utambulisho usiuruke. Watambulishwe wachungaji, wainjilisti, wazee wa kanisa, kwaya zote mbili, fundi wa spika na mke wa fundi wa spika. Mwishoni kabisa mshereheshaji anyooshe mkono kuelekea juani na kusema, "Na hawa ndio watoto wetu." Baada ya hapo meza kuu itakula pilau na kuku. Watoto wana maharage yao, na harufu ya pilau hawatozwi.

Mafundisho yawe ya kushindana. Atakayekariri Zaburi ya 119, yenye mistari 176, apewe daftari. Daima yupo mjanja mmoja atakayechagua Yohana 11:35, ambao kwa Kiswahili una maneno matatu tu. Huyo usimpe kitu, ila jina lake liweke akilini, ndiye mhazini wa baadaye. Kwenye chemsha bongo uliza Methusela aliishi miaka mingapi. Jibu ni 969, ni rahisi kusahihisha, na halimlazimishi mtoto kuuliza swali la nyongeza. Kwenye igizo la Mwana Mpotevu, nafasi kubwa apewe mtoto wa mwenyekiti, waliobaki wawe nguruwe. Mbinu hii ina kasoro moja: nguruwe ndio watakaopigiwa makofi.

Somo la uumbaji lifanyike ndani, kwa projekta. Nje kuna msitu wa Magamba na mbega wake wenye manyoya meusi na meupe, na hatari iliyopo ni watoto kuwaona kabla mwezeshaji hajafika slaidi ya siku ya sita. Genge la Irente mtakwenda, lakini kwa ajili ya picha ya kamati. Mandhari ya uwanda wa chini ipo kila siku, haikimbii. Rede, kombolela na chandimu viwekwe kwenye "muda huru" wa dakika ishirini, halafu zitangulie dakika kumi na tano za matangazo. Wakibaki na tano, watazitumia vizuri kuliko wewe ulivyotumia vikao vitatu.

Kuna jambo moja ambalo sina utani nalo. Nimeona bajeti za kambi zenye fungu la maua ya meza kuu na hazina hata shilingi ya walezi wa usiku. Watoto sitini, bweni lenye taa moja, na mama mmoja aliyeshinda jikoni tangu alfajiri ndiye anayetegemewa asikie anayelia, anayeumwa tumbo na anayeogopa kwenda chooni peke yake. Hiyo si kambi, ni bahati nasibu. Maua yakatwe, fulana za wanakamati zikatwe, wapatikane walezi wa kutosha, wanaojulikana usharikani, wa kike kwa wasichana na wa kiume kwa wavulana, wanaolala mchana ili usiku wakeshe.

Kambi ya Desemba imeshatangazwa na majina ya kamati yanaandikwa. Ukiulizwa ungependa nafasi gani, omba ulezi wa bweni. Haina posho wala kiti meza kuu, na mpaka sasa hakuna anayeigombea.