Ajira Mpya ya Mafuta ya Taa

Heko madaktari wa jikoni wa Katesh na Dongobesh! Umeme wa jua umekistaafisha kibatari, lakini mafuta yake yamepata ajira mpya: kikohozi, minyoo, hata nyoka akiuma. Hospitali ya Haydom iko Mbulu tangu 1955, ila huko kuna foleni na maswali mengi, chupa haiulizi. Minyoo nayo haina habari. Mapafu ndiyo yanayojua, maana mafuta yale mepesi huteleza hadi njia ya hewa na kuleta nimonia, hasa mgonjwa akitapika. Basi jirani mwenye huruma huja mbio na maziwa, amtapishe. Mwaka 2020 Trump aliulizia hadharani kuhusu kuingiza dawa ya kuua vijidudu mwilini. Huku kwetu angeanzia kufagia kilinge.